Unataka kuanza karate ukubwani? Hatua kwa hatua mpaka mtihani wako wa kwanza

Kila Januari ni ileile. Ukumbi unajaa watu wapya, wengine wameshanunua mpaka glavu, wana moto kweli, afu ikifika Machi wamebaki wa kuhesabu kwa vidole. Na maswali yanayokuja kwangu ni yaleyale, nimeanza nikaishia njiani, nimeanza tena nikaumia goti, mwili wangu hauwezi nini?

Mwili unaweza. Tatizo la wengi ni mpangilio, mtu anaanza na vitu vya mwisho: gi (nguo ya karate) kwanza, mtindo kauchagua kwenye klipu, wiki ya kwanza anataka kuzichapa, halafu vile vya mwanzo kabisa kama kusimama na kukunja ngumi anaviona vya watoto. Huu mwongozo unakupanga upya, kuanzia siku unayoamua mpaka siku ya mtihani wa kwanza wa mkanda.

Ni wa mtu mzima ambaye hajawahi kufanya kabisa au alifanya zamani akaacha. Nimechukua karate maana ndiyo iliyojaa mitaani huku kwetu, ila ukienda judo au taekwondo hatua nyingi hazibadiliki, pale zinapotofautiana nitasema.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Fulana na traksuti isiyobana magoti. Jinzi hapana, hata ile inayovutika.
- Maji yako mwenyewe, lita moja na nusu hivi.
- Kandambili. Mazoezi ni peku, lakini chooni na nje huendi peku halafu ukarudi kukanyaga sakafu wanayokalia wenzio.
- Mkasi wa kucha. Za mikono na za miguu.
- Plasta ya gundi, kwa ajili ya ngozi ya chini ya vidole vya miguu, hiyo itachubuka tu.
- Taulo dogo na daftari dogo.
- Ada ya mwezi mmoja na nauli ya mwezi mzima, vimetengwa pembeni. Nauli ndiyo inayowarudisha watu nyumbani kuliko ada.

Gi, glavu, kinga ya ugoko, begi la kupiga, vyote acha kwanza. Pesa ya gi utaihitaji, ila sio mwezi huu.

Hatua ya 1: Jua mwili wako una nini

Pima presha, hata kwenye duka la dawa wanapima. Kama una pumu, tatizo la moyo, selimundu, kifafa, au goti na mgongo wenye historia, muone daktari kwanza na umwambie wazi kwamba unataka kuanza mazoezi ya kuruka na kupigana, usiseme "mazoezi" tu akadhani unaenda kutembea jioni.

Selimundu naisema peke yake kwa sababu huku kwetu ipo nyingi na watu wanaificha. Kuishiwa maji mwilini na kujikamua kupita kiasi kunaweza kukuamshia maumivu makali, na darasa la karate kwenye joto la Dar lina vyote viwili. Mwenye pumu, kile kipulizio chako kiwe ukingoni mwa ukumbi mahali sensei (mwalimu wako) anapajua, sio ndani ya begi lililofungwa kwenye boda iliyopaki nje.

Umefaulu hatua hii ukiwa unaijua presha yako kwa namba, na kama una tatizo lolote sensei ameshaambiwa kabla ya salamu ya kwanza.

Hatua ya 2: Chagua mwalimu na umbali, mtindo baadaye

Hapa ndipo naona watu wanapotea zaidi kwaiyo tukae kidogo.

Mtu anauliza, Shotokan na Goju-ryu, hii mitindo miwili ya karate, ipi kali? Kwa miezi sita yako ya kwanza hilo swali halina faida. Shotokan utasimama kwa miguu mirefu na kupiga kwa mbali, Goju-ryu utasimama kwa ufupi, pumzi nyingi, mikono ya karibu. Zote zitakufundisha kukunja ngumi, kusimama na kutii amri. Ukiwa Dar, Goju-ryu ya Okinawa ina mizizi tangu miaka ya 1970, Shotokan nayo ipo sehemu kibao. Ukiwa Unguja una bahati ya judo, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amefundisha watu pale tangu miaka ya 1990. Chukua kilicho karibu na wewe chenye mwalimu mzuri, basi.

Karibu maana yake nini? Maana yake unafika ukiwa umechoka, mvua inanyesha, na siku hiyo bosi kakuudhi. Kama dojo (ukumbi wa mazoezi) iko daladala mbili mpaka tatu kutoka kazini, mwezi wa kwanza utaenda kwa moto, wa pili utaanza kutafuta sababu. Dojo ya kawaida ya dakika ishirini inamzidi bingwa aliye upande wa pili wa jiji.

Nenda ukaangalie darasa zima bila kufanya. Kaa pembeni, usichezee simu, na angalia haya:

1. Wakubwa wanavyowapiga wadogo. Mwenye mkanda wa juu akipiga ngumi ya uso ikasimama kabla ya kugusa, hapo kuna mafunzo. Ukiona mkanda wa kahawia anamchapa mgeni na watu wanacheka, simama uondoke.
2. Kama kuna kupumzika na kunywa maji. Mwalimu anayekataza maji eti ndio ukomavu anafundisha ujinga, na kwenye joto letu anafundisha hatari.
3. Sensei anavyomsahihisha mtu. Anamshika kiwiko na kumwambia kwa nini, au anapiga kelele tu na fimbo mkononi?
4. Kama kuna watu wazima wanaoanza. Darasa la watoto watupu utajiona zimwi na utaacha kwa aibu.
5. Sakafu. Simenti laini sawa kwa karate, vigae vyenye maji hapana. Kwa judo bila tatami (mikeka minene ya kuangukia) usikubali hata siku moja, hata uambiwe tutaangukia nyasi.

Darasa likiisha mfuate, msalimie vizuri (kama ni mtu mzima shikamoo haina hasara), afu muulize: alipewa mkanda mweusi na nani, ada ni kiasi gani kwa mwezi, mtihani unalipiwaje, darasa ni siku zipi. Mwalimu wa kweli hachukii hayo maswali, wengine watakuonyesha na cheti.

Tahadhari: anayekuahidi mkanda mweusi ndani ya miezi sita anakuuzia kitambaa. Kwa mtu anayehudhuria vizuri hesabu miaka mitatu mpaka mitano, na wengi huenda zaidi. Na wale wanaosema wanaangusha mtu bila kumgusa, jamani, mwache aende zake.

Kwa dada zangu: uliza kabla kama kuna wanawake wengine darasani na mnabadilishia nguo wapi. Hijabu inafanyiwa mazoezi bila shida, chagua ya kuvuta kichwani isiyo na pini, pini na kurushwa chini havikai pamoja. Na sensei mwenye mkono unaotembea bila sababu ya mafunzo usimpe nafasi ya pili.

Umefaulu ukiwa na dojo moja, siku mbili au tatu za wiki zinazojulikana, na watu wa nyumbani wanajua kwamba siku hizo jioni haupo.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, fuata wenzako

Fika dakika kumi na tano mapema. Vua viatu, pete, cheni, saa, hereni. Kata kucha kama hukukata, kucha ya dole gumba la mguu inachana mwenzio kama wembe.

Unapoingia sakafuni unainama kidogo, unapotoka unainama. Kuna ndugu huwa wanasita hapa kwa ajili ya dini, wanaona ni kusujudia. Ni salamu ya heshima kwa mahali na kwa watu, lakini kama moyo wako bado mzito mwambie sensei kabla, wengi wanakukubalia usimame kimya tu. Usigome katikati ya darasa.

Utasikia Kijapani na utachanganyikiwa, kawaida. Kwa kuanzia shika haya: *rei* ni inama, *hajime* ni anza, *yame* ni acha hapohapo, hata kama ngumi iko njiani. *Yame* ndiyo inayokulinda meno. Namba ni ichi, ni, san, shi, go, roku, shichi, hachi, ku, ju. Zihesabu kwenye daladala.

Utasimama mwisho wa mstari, upande wa wageni. Usiende mbele eti uone vizuri. Ukichelewa siku nyingine usijichomeke tu, kaa ukingoni mpaka sensei akuite.

Umefaulu ukitoka umekosea vitu vingi lakini hujamuumiza mtu, hujaumia, na unakumbuka jina la mtu mmoja aliyesimama jirani yako. Huyo mtu ndiye atakayekuuliza kesho kutwa "mbona hukuja".

Hatua ya 4: Wiki mbili za kwanza, usijikamue

Watu wengi wanapotelea hapa, na kisababishi ni kujikamua. Darasa la kwanza wataruka kichura, watapiga pushapu, watashika msimamo wa chini mpaka mapaja yatetemeke, na wewe kwa kutaka kuonekana mkakamavu utamaliza zote. Siku inayofuata uko sawa, unajisifu. Siku ya pili sasa, kushuka ngazi unashika ukuta, na chooni unakaa kwa kujiachia. Hapo ndio mtu anasema nimeumia, naacha.

Hujaumia. Misuli ambayo haijazoea inauma zaidi siku ya pili mpaka ya tatu, halafu inaachia yenyewe. Kwaiyo fanya nusu ya wanachofanya wenzako. Wakipiga pushapu ishirini we piga kumi nzuri, simama wima na usubiri, hakuna sensei mwenye akili atakayekusema.

Jifunze kutofautisha maumivu. Ya katikati ya nyama, pande zote mbili, yanayopungua ukipasha moto, endelea taratibu. Ya kwenye kiungo, upande mmoja, yenye kuchoma au kuvimba, simama. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, inua mguu, pumzika, na usimruhusu mtu akukande na kuvuta kifundo kilichoteguka siku hiyohiyo. Ukishindwa kukanyagia mguu, hospitali ukapigwe eksirei.

Usirudi darasani kesho yake. Acha siku moja katikati. Mwezi wa Ramadhani, kama umefunga, omba darasa la baada ya futari au fanya kata (miondoko iliyopangwa unayoifanya peke yako) polepole tu, kuruka kichura saa kumi jioni bila maji hakuna anayekupa thawabu.

Umefaulu kama wiki ya tatu bado unaenda. Ndio, ni hicho tu.

Hatua ya 5: Ngumi na msimamo, hapa usiwe na haraka

Ngumi. Nyoosha kiganja. Kunja vidole vinne kuanzia kwenye vifundo vya mwisho, endelea kuvikunja mpaka ncha zimejichimbia ndani ya kiganja. Gumba linakaa nje, limelala juu ya kidole cha shahada na cha kati. Gumba ukilificha ndani ya vidole, siku ukigonga kitu kigumu litavunjika. Kifundo cha mkono kimenyooka, ukiweka rula juu ya mkono kutoka mgongo wa kiganja mpaka kigasha isiwe na mlima wala bonde. Unapigia vifundo viwili, cha kidole cha shahada na cha kati. Watu wa mtaani wanapigia upande wa kidole kidogo, ndio maana mfupa ulio chini ya hicho kidole unavunjika sana kwenye ugomvi.

Sasa kurusha. Ngumi inaanzia kiunoni imeangalia juu, kiwiko kinasugua mbavu kikitoka, na ngumi inageuka mwishoni tu inapokaribia kufika. Mkono mwingine unarudi kiunoni kwa nguvu ileile. Usinyooshe kiwiko mpaka kikakwama, bakiza kakunjo kidogo, maana unapiga hewa na hakuna kitu cha kuusimamisha mkono. Kiwiko kinachouma miezi miwili mara nyingi chanzo ni hiki.

Jaribio la nyumbani: simama ubavu kwa ukuta, nafasi ya upana wa kiganja kati yako na ukuta. Rusha ngumi ya upande ule polepole. Kiwiko kikigusa ukuta, kimepanuka, rudia.

Msimamo wa mbele, zenkutsu dachi. Miguu ina umbali wa mabega mawili kwenda mbele, na upana wa bega moja kwa pembeni. Huo upana ndio watu wanausahau, wanasimama kama wanatembea juu ya kamba, ukiwagusa bega wanaenda chini. Goti la mbele liko juu ya vidole vya mguu, haliangalii ndani. Mguu wa nyuma umenyooka na kisigino kimegusa sakafu chote. Kwenye Goju-ryu utaanza na sanchin dachi, mfupi zaidi, kisigino cha mguu wa mbele kinalingana na vidole vya mguu wa nyuma, vidole vimegeukia ndani kidogo.

Tahadhari: goti la mbele kuangukia ndani ndio mlango wa maumivu ya goti. Na usianze kupiga ukuta, mti wala gunia la mchanga eti unakomaza ngumi. Hiyo mikono utaihitaji kwenye kibodi, jikoni na kumbeba mtoto.

Umefaulu mwenzako akikusukuma bega kutoka mbele na wewe ukabaki, na kama unaweza kupiga ngumi kumi polepole zote zikaishia sehemu ileile, usawa wa kifua chako.

Wa judo: badala ya hapa mtatumia muda kwenye kuanguka. Kidevu kifuani, mkono unapiga tatami ukiwa umefunguka kidogo kutoka mwilini, anzieni mkiwa mmechuchumaa. Msikimbilie kurusha watu kabla hamjajua kurushwa.

Hatua ya 6: Nyumbani, dakika kumi na tano

Siku zisizo za darasa, ngumi kidogo, msimamo kidogo, kujinyoosha. Weka simu ukutani ujirekodi kutoka mbele na kutoka ubavuni, ukijiona utashangaa. Kwenye daftari andika kitu kimoja alichokusahihisha sensei, kimoja tu, hicho ndicho cha wiki. Kama una chumba kimoja na familia, barazani panatosha, majirani watacheka siku tatu watachoka.

Hatua ya 7: Sasa nunua gi

Mwezi umeisha na bado upo? Nunua. Saizi huenda kwa urefu, 3 ni kwa sentimita 160, 4 kwa 170, 5 kwa 180. Ya pamba hurudi ikifuliwa kwaiyo ukiwa katikati chukua kubwa. Fua kwa maji baridi, anika kivulini, na usiloweke kwenye jiki, inachosha pamba na ile yenye mchanganyiko inageuka njano.

Kushoto kunakaa juu ya kulia, wanawake kwa wanaume. Kinyume chake ndivyo Wajapani wanavyomvalisha maiti, na sensei ataona kutoka mlangoni. Mkanda: katikati yake kitovuni, zungusha nyuma, rudisha mbele, ncha moja ipite chini ya mizunguko yote miwili, halafu funga fundo. Ncha zilingane.

Hatua ya 8: Kata ya kwanza

Kwenye Shotokan dojo nyingi huanza na Taikyoku Shodan, miondoko 20, yote ni kuzuia chini na ngumi ya kati, na kelele ya kiai kwenye wa 8 na wa 16. Kwenye Goju-ryu mara nyingi ni Gekisai Dai Ichi.

Usijifunze yote siku moja kwenye video. Kwanza tembea njia yake bila mikono, ugeuke unapotakiwa kugeuka. Ukishaijua njia ongeza mikono. Nguvu na kasi mwisho kabisa. Mtu akianza na kasi anakariri makosa, na kuyafuta ni kazi kuliko kujifunza upya.

Chora alama ya chaki pale unapoanzia. Taikyoku inakurudisha hapohapo. Ukiishia nusu mita pembeni, hatua zako hazilingani, mguu mmoja unaufupisha. Umefaulu ukirudi kwenye chaki mara tatu mfululizo, na ya nne ukiwa umegeuzia uso upande mwingine wa chumba, maana wengi wanakariri kabati na dirisha.

Hatua ya 9: Kumite

Kumite ni kupigana na mwenzako. Mgeni anaanza na ya kupangwa: mwenzako anatangaza anapiga wapi, *jodan* ni usoni, *chudan* ni tumboni, anakuja hatua tano, unazuia tano, unajibu ya mwisho. Inaboa, nakubali. Lakini ndiyo inayokufundisha umbali, na umbali ndio unaokuwezesha kupiga bila kugusa.

Sparingi ya bure subiri mpaka uitwe. Siku hiyo uwe na kinga ya meno, ile unayoilainisha kwa maji ya moto ukaing'ata ikachukua umbo la meno yako, na wanaume kinga ya kinena. Kichwa kikigongwa ukapata kizunguzungu, kichefuchefu, ukaona mbili mbili au ukasahau kidogo, umemaliza siku hiyo, usirudishwe ndani hata kama unajiona uko poa. Ukitapika au maumivu ya kichwa yakizidi, hospitali usiku huohuo, na usiende peke yako.

Hatua ya 10: Mtihani

Usiombe mtihani, sensei ndiye anayekuambia uko tayari. Utaonyesha msingi, kata moja, na kumite ya kupangwa. Rangi inayofuata baada ya nyeupe inategemea dojo, usibishane na mtu wa dojo nyingine juu ya njano na chungwa.

Wiki ya mtihani usiongeze kitu kipya. Kula masaa mawili kabla, kitu chepesi, sio ugali na maharage. Gi iwe imepigwa pasi. Ukikosea katikati ya kata usisimame, usitabasamu, usiombe radhi, endelea mpaka mwisho ufanye rei. Mkaguzi anaangalia zaidi unavyojikusanya kuliko hilo kosa.

Ukifeli, muulize ni kitu gani kimoja cha kurekebisha, andika kwenye daftari, na darasa linalofuata uwepo, maana anayekosa hilo moja ndiye huwa hatumuoni tena. Ukipita, lipia cheti, chukua risiti, muulize kata inayofuata ni ipi. Na akija mgeni mpya akasimama mwisho wa mstari, mwonyeshe gumba linakaa wapi kabla hajapiga kitu.